Insha Iliyofungia Karanga

Kwanza niwatoe wasiwasi: sitaanza kwa kumsalimu kila mmoja wenu kwa cheo chake. Mimi ni mtu wa Bukavu, najua kufanya hivyo. Naweza kuwasalimu viongozi wa dini, viongozi wa serikali, wazazi na wageni waalikwa, kila mmoja kwa heshima na daraja lake, mpaka soda zipate moto na wenye watoto wachanga watoke nje. Nimeandika hotuba za namna hiyo nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Lakini kazi yangu imenifunza kwamba mtu akipiga hodi mara kumi bila kuingia, mwenye nyumba huacha kumsikiliza. Basi mimi nimeshaingia. Nipeni kiti.

Naitwa Murhula. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha kozi ya kuandika, expression écrite, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa mjini. Cheo changu kilikuwa Chef de Travaux, na kwa kuwa wanafunzi hawana muda wa maneno marefu, waliniita Papa CT. Mpaka leo nikipita sokoni Kadutu, mtu mzima mwenye mvi ataniita "Papa CT!" huku akificha karatasi aliyoshika, utafikiri nitaisahihisha.

Nyinyi mnaoianza kozi hiyo sasa mmeniuliza mtu anajifunzaje kuipitia upya insha yake mpaka iwe insha. Mimi sikufunzwa na profesa. Nilifunzwa na msichana wa kisiwa cha Idjwi, ambaye nilimwita mwizi mbele ya watu themanini. Kosa lile nililirekebisha nusu, na ile nusu nyingine ilinikalia rohoni miaka mingi. Nitawaeleza yote mawili, maana huwezi kuyatenganisha.

Nilisoma kwa mapadri. Padri aliyetufundisha kuandika alikuwa na sheria moja: rature moja, point moja. Rature ni lile neno ulilolikata kwa mstari kwa sababu umelijutia. Ukijuta mara tano, umepoteza point tano. Nani angetaka kujuta? Tukajifunza kufuta wino kwa wembe. Unaushika kwa vidole viwili, unakwangua taratibu, unapuliza vumbi, halafu unasugua kwa ukucha ili karatasi ing'ae tena. Mimi nilikuwa fundi. Wenzangu waliniletea makosa yao niyakwangue kama vile watu wanavyopeleka viatu kwa mshonaji. Siku moja nilikwangua mpaka karatasi ikatoboka, na kupitia tundu lile padri akasoma neno la ukurasa wa nyuma. Alicheka sana, lakini point yake aliitoa.

Kwa hiyo nilipokuwa mwalimu, kwangu kurekebisha insha kulikuwa kazi ya usafi. Mwanafunzi anaandika brouillon, ile ya kwanza yenye fujo, kisha anainakili "au propre" kwenye karatasi nzuri. Anachora pambizo kwa rula, kichwa cha habari anakipigia mistari miwili ya wino mwekundu. Maneno yenyewe hayabadiliki. Yaliingia na uvivu wao na kutoka nao, ila sasa yamevaa shati jeupe. Na brouillon? Ilikuwa aibu ya mtu, hailali nyumbani. Pale mlangoni pa chuo alikaa Maman Cibalonza, muuza karanga, na karanga zake alizifunga kwa karatasi za daftari zilizokunjwa kwa ncha. Ukimpelekea rundo la brouillon anakujazia kiganja, karanga za kukuvusha saa mbili za kozi. Chuo kizima kilikuwa kinayala makosa yake kwa njia hiyo.

Nsimire alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na tisa. Hakuwa mtu wa maneno. Alikaa karibu na dirisha, daftari lake mapajani. Mama yake alilima mananasi kule Idjwi na kuyaleta Bukavu kwa mtumbwi wa injini. Siku binti alipoondoka kuja chuo, mlima mzima, yaani kijiji chao chote, ulimsindikiza mpaka ziwani, kwa sababu hakuna msichana wa mlima ule aliyewahi kufika chuo kabla yake. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua namba yake kwenye orodha, basi.

Niliwapa insha: elezeni kazi moja mnayoijua vizuri. Kazi themanini zikaja, na karibu zote zilianza kwa maneno yale yale: toka dunia iumbwe, mwanadamu amekuwa akifanya kazi. Mungu mwenyewe angechoka kuiumba dunia mara themanini kwa wiki moja. Nsimire naye aliiumba. Kisha akaeleza maana ya kazi, faida za kazi, kazi katika Biblia, na kwenye ukurasa wa tatu, pembeni, kukawa na mama mmoja anayepanga mananasi kwenye mtumbwi. Mimi yule mama sikumwona. Niliona rature. Nikaandika "travail malpropre", nikampa huit sur vingt, nane kwa ishirini, nikawaambia wote: rudini nyumbani, mfanye upya kwa wiki mbili, na hii itakayokuja ndiyo itakayohesabiwa kwenye jury, kikao cha walimu cha kupitisha matokeo.

Baada ya wiki mbili Nsimire akaniletea ukurasa mmoja na nusu. Aliandika kwa Kifaransa, kama wote, mimi nawawekea hapa kwa Kiswahili mwanzo wake, ambao bado naujua kwa moyo: "Mama yangu hanusi nanasi. Analigonga. Nanasi linalonukia Idjwi litakuwa maji likifika Bukavu. Lile analolichagua kwa safari ni lile ambalo bado halijasema kitu. Analigonga kwa kidole, linajibu kwa sauti nene, na chini kabisa limeanza njano, upana wa ukucha."

Leo nikiisoma mwili unanisisimka. Siku ile niliona wizi. Kutoka huit sur vingt mpaka hapo, kwa wiki mbili? Mtoto ambaye juzi alikuwa anaumba dunia? Nikajiambia kuna mtu wa ofisi fulani, au kitabu fulani. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika juu kabisa: "Nani alikuandikia?" Na kwa kuwa nilijiona mjanja, sikungoja kumwita pembeni. Nilisubiri auditoire, ule ukumbi wetu wa masomo, ijae.

"Nsimire, simama. Nani alikuandikia hii?"

"Ni mie, Papa CT."

"Wewe?"

"Ni mie mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Ni nanasi njo liliandika!" Auditoire nzima ikaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

"Leta brouillon," nikamwambia. "Kama insha ni yako, lazima iko na brouillon."

Akainama. "Haiko tena, Papa. Nilimupatia Maman Cibalonza."

Hapo walicheka mpaka wengine wakapiga meza.

Muelewe kilichokuwa hatarini. Kwetu fraude, udanganyifu wa mtihani, haikuwa mchezo. Jury ikikukuta na hatia, jina lako linabandikwa kwenye valves, lile bao la matangazo mlangoni, na mwaka wako umeishia hapo, unafunga mizigo. Jury ilikuwa Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumatano. Kozi ilipokwisha Nsimire alinisubiri mlangoni. Hakuwa analia. Ingekuwa rahisi kwangu kama angelia.

"Papa CT, bakibandika jina yangu ku valves, mama atasikia mbele mie nifike. Batu ba mutumbwi banabebaka habari mbio kupita mananasi." Akageukia lango la chuo. "Twende kwa Maman Cibalonza. Pengine karatasi zingine zingali."

Nikaenda naye. Msinisifu. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda ili nimkute na uongo wa pili.

Maman Cibalonza alikuwa kwenye kiti chake kifupi, beseni la karanga mbele, kitunga cha karanga zilizokwisha kufungwa ubavuni.

"Papa CT! Leo ni za kukaanga ao za kuchemsha?"

"Leo nataka karatasi."

"Karatasi bila karanga? Yesu! Mwalimu amefika mwisho."

Nsimire akamweleza kwa Mashi, lugha ya kwetu Bukavu, haraka haraka. Yule mama akamsikiliza, kisha akanitazama mimi, na jinsi alivyonitazama sijaisahau. "Mutoto wa batu atafukuzwa ju ya karatasi yenye iko mu kitunga yangu?" Akakamata kitunga, akaanza kufungua kimoja kimoja, karanga anazirudisha kwenye beseni, karatasi anamkabidhi Nsimire. Kazi yake ya asubuhi nzima aliifumua kwa mikono yake mwenyewe, bila kuombwa mara mbili. Tukapata karatasi nne.

Kisha akasimama, na wale mnaomjua mnajua sauti yake. "Wee mwenye chemise ya bleu! Kula mbio, rudisha karatasi! Na wee maman wa parapluie! Minasema karatasi, siseme karanga!" Mwenye shati la bluu, mama wa mwavuli na wengine wakaanza kurudi huku wakitafuna. Karatasi moja ilitoka kwenye mfuko wa dereva wa pikipiki. Nyingine Nsimire aliiokota kando ya mtaro, nusu imelowa. Ya mwisho kupatikana ilikuwa mkononi mwa yule kijana aliyesema nanasi ndilo lililoandika. Alikuwa amesimama ukutani anakula karanga kutoka ndani ya insha ile ile aliyoicheka. Alipogundua, karanga zilimpalia. Nsimire alisema zilikuwa kama kumi na mbili. Tano mji ulikuwa umekwisha kuzila na kuzitupa.

Tukazitandaza kwenye meza ya chumba cha walimu. Hazikuwa na namba, kwa hiyo yeye mwenyewe alizipanga. Na hapa, jamani, ndipo nilipoanza shule.

Karatasi ya kwanza: "Toka dunia iumbwe", imekatwa kwa mstari. Maana ya kazi, imekatwa. Biblia, imekatwa, na pembeni kaandika kwa Kiswahili: "Mama angali wapi?" Karatasi ya pili, mama anatokea kwenye mstari wa kwanza: "Mama yangu ni mwanamke mwenye bidii." Limekatwa. "Mama yangu huamka mapema." Limekatwa. "Mama yangu hunusa nanasi kabla ya kulichagua." Hilo limeachwa, likarudi kwenye karatasi ya tatu limepambwa zaidi, lina harufu tamu, lina umande wa asubuhi. Kisha kwenye karatasi ya nne mstari mmoja mrefu umepita juu ya harufu na umande wote, na pembeni kuna maneno mawili: "Anasema hapana."

"Nani anasema hapana?" nikauliza.

"Mama. Nilimusomea ku telefone."

Akanieleza. Kule kwao mtandao unashikwa juu kwa kanisa tu, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa, na jioni kadhaa za wiki, mama yake alisimama pale na simu sikioni, na binti akamsomea insha kwa Kihavu, mstari kwa mstari.

"Nilipofika pa kunusa akanikata. Akasema, 'Mie minanusa mananasi? Ni nani alikuambia? Ikinukia imekwisha kufa, haifike Bukavu. Minagonga. Umekomalia mu shamba yangu na haujaona mukono yangu?'" Nsimire akainyoosha karatasi ya nne kwa kiganja. "Nilisikia haya, Papa. Miaka yote niko naye, nilikuwa naandika mama wa mu vitabu."

Kwenye karatasi ya tano na ya sita "Anasema hapana" ilirudi mara nne. Mtumbwi haumngoji mtu, kwa hiyo mama hakai kufikiri kama binti alivyoandika. Mama haimbi akifanya kazi, anahesabu. Na kwenye ya saba, ile iliyolowa, kando ya aya niliyoiita ya wizi, kulikuwa na maneno mawili mengine kwa mwandiko mdogo: "Anasema ndiyo."

Nilikuwa nimeifundisha kozi ile miaka kumi na minne, na sijawahi kumwona mtu akirekebisha insha. Nilikuwa nimewaona watu wakifua. Niliona haya mbele ya karatasi zile zenye mafuta na chumvi, na pia, sitaficha, nilijawa na furaha, furaha ya mtu aliyekula ugali maisha yake yote na leo ndio kwanza ameona shamba la mihogo.

Jumamosi nikaziweka karatasi saba mbele ya jury. Chef de section, mkuu wa idara, aliuliza kwa nini ushahidi unanuka karanga. Nsimire akapata dix-sept, kumi na saba kwa ishirini, na jina lake halikubandikwa kwenye valves. Hapo ndipo mngetaka hadithi iishe, na mimi ningependa iishie hapo. Lakini niliiambia jury kwamba "kumepatikana vielelezo vipya". Sikusema nilikosea. Na auditoire sikuiambia kitu. Nilisema moyoni nitawaambia wiki ijayo, kisha likizo ikafika, kisha mwaka ukageuka. Kumsingizia nilimsingizia mbele ya watu themanini. Kumsafisha nilimsafisha mbele ya watu watano, mlango umefungwa. Kwa miaka miwili wenzake walimwita "Nani Alikuandikia" kwenye ngazi na kwenye foleni ya maji. Nilisikia kwa masikio yangu, nikapita na mkoba wangu.

Nilichofanya ni kubadilisha kozi, kana kwamba kozi ndiyo iliyokosea. Nilimwomba Nsimire aniachie karatasi zile, akaniachia. Nikatangaza: kuanzia leo nusu ya point ni za brouillon, na rature ni halali. Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo niliugua kwa kucheka. Watoto waliandika kwanza "au propre", halafu wakatengeneza brouillon baadaye, safi, yenye rature zilizopigwa kwa rula! Mmoja alikata neno moja katika kila mistari mitano, sawasawa, kama mtu anayepanda maharage. Nikawauliza: mnajuta kwa rula?

Kalamu nyekundu niliiweka kando, nikashika penseli ya kawaida. Mwanafunzi akiona wino mwekundu anaona ameshtakiwa. Akiona penseli anaona bado kuna mazungumzo.

Kijana mmoja wa Shabunda aliniletea insha juu ya dhahabu. "Sekta ya madini ni injini ya maendeleo." Kurasa nne za injini. Nikamwambia, funga karatasi, nielezee kwa Kiswahili, ukiwa ndani ya shimo unaogopa nini? Akafunga karatasi, akasema, "Mchanga, Papa. Ukisikia inashuka pole pole ku mugongo sawa vile mutu anapepeta muchele, unaacha beleshi, hauangalie nyuma." Nikampa penseli. Nikamwambia aandike hilo hilo kabla halijapoa, Kifaransa kitakuja chenyewe. Mtindo huo nimeutumia kwa mamia: simulia kwanza kwa lugha unayoogopea, ile ya nyumbani, ndipo uandike kwa lugha ya mtihani. Na mkishaandika, tafuteni mstari wa kwanza ambapo mtu anafanya kitu kwa mkono wake. Mara nyingi uko ukurasa wa pili. Vyote vilivyo juu yake ni hodi, kateni.

Jambo jingine: iacheni insha siku tatu. Mimi niliwaambia waiweke chini ya godoro, mmoja akaniambia kwao wanalala wanne kwenye godoro lile na insha ilitoka imepigwa pasi. Sawa, hata hivyo. Na wekeni namba kwenye kurasa za brouillon. Nsimire hakuweka, na kama angekuwa amerudishwa Idjwi siku ile, mimi nisingejua karatasi ipi inatangulia nyingine.

Najua mnachotaka kuniuliza. Siku hizi simu inakuandikia insha kabla chai haijapoa, safi, bila rature hata moja, padri wangu angeipa point zote. Sasa swali langu baya la zamani, nani alikuandikia, kila mwalimu anamuuliza kila mtoto, na wasio na hatia wanashindwa kujibu. Basi tunzeni brouillon zenu. Hakuna shahidi mwingine. Simu haiwezi kupanda mpaka kanisani kule Idjwi na kukatwa kauli na mama yako.

Nsimire alimaliza, akaondoka kufundisha sekondari, akarudi kwetu kama assistante, mwalimu msaidizi. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa, meza yake ikitazama yangu. Alinipa heshima zote za baba. Habari ya siku ile hatukuigusa hata mara moja. Nilipokaribia pensheni, kozi aliachiwa yeye, na nilifurahi kama mtu anayeozesha vizuri.

Chuo kikaniandalia sherehe ya kuniaga, ndani ya auditoire ile ile. Nikaandika hotuba kurasa tatu, nikampa Nsimire aniangalizie makosa. Baada ya siku mbili akanirudishia, akaenda zake darasani. Ukurasa wa kwanza, wa salamu, aliupitisha mstari mmoja wa penseli kutoka juu mpaka chini, na pembeni akaandika: "Papa, ingia." Nikacheka; nilistahili. Nikafungua wa pili. Katikati niliandika hivi: "Katika miaka yangu yote ya kazi, sikumwonea mwanafunzi hata mmoja." Sentensi hiyo hakuikata. Pembeni yake, kwa mwandiko mdogo ninaoujua, kulikuwa na maneno mawili.

"Anasema hapana."

Nilikaa na karatasi ile mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna habari ya msiba. Kisha nikachukua penseli, mzee mzima, nikaanza kufanya niliyowadai watoto wa watu kwa miaka yote ile. "Kulitokea kutoelewana." Nikakata. "Makosa yalifanyika." Nikakata, yalijifanya yenyewe? "Mwanafunzi mmoja alishukiwa." Nikakata. Nilikuwa napiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe na sitaki kuingia. Nilikata mara tisa, na safari hii sikuwa na wembe.

Siku ya sherehe safu ya mbele ilijaa wakubwa wanaongoja kusalimiwa. Maman Cibalonza alikuwepo, nilimwalika kwa kadi, amevaa kitenge kipya. Nsimire alikaa karibu na dirisha. Nikasimama, nikasoma mstari wa kwanza: "Ndani ya chumba hiki, mbele ya watu themanini, nilimuuliza Nsimire nani alikuandikia, na nilitabasamu walipomcheka. Aliandika mwenyewe. Mimi ndiye niliyekosea, nilijua siku ile ile, na nilinyamaza."

Kutoka nyuma sauti ya Maman Cibalonza ikasema, "Ehee!" Kilichobaki cha hotuba sikumbuki nilikisomaje.

Watu walipokwenda kwenye chakula, Nsimire alinijia pale mbele. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinyoosha mkono.

"Lete karatasi, Papa."

Nikampa. Nilikuwa nimeibana hotuba pamoja na brouillon zake zote tisa, zenye namba, kama sheria inavyotaka. Akazipitia moja moja, polepole, kama mwalimu. Halafu akarudi kwenye ile ya juu, akachomoa penseli kwenye nywele zake, akainamia meza na kuandika kando ya mstari wa kwanza.

Sikuvaa miwani, ilibidi niilete karibu na uso. "Anasema ndiyo."

Karatasi hiyo nimeiweka pamoja na zile saba, ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati. Mkija nyumbani nitawaonyesha. Osheni mikono kwanza, na msishangae kopo likinuka karanga.